Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kujitolea kwa Wageni Dar es Salaam Tangu Uhuru

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, hospitali zake zilikuwa zikipungukiwa wauguzi. Waingereza wengi walikuwa wamefunga virago, na wazalendo waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache. Kiongozi wake, Julius Nyerere, aliomba msaada kwa African National Congress (ANC), chama kilichokuwa kimepigwa marufuku kwao Afrika Kusini. Wakaitika wauguzi 20, wanawake wa Kiafrika, wakasafiri kwa kupitia Bechuanaland, yaani Botswana ya leo. Kuondoka namna ile kulikuwa ni kuiasi serikali ya makaburu. Wengi wao walikaa uhamishoni takribani miaka 30 kabla ya kuweza kurudi nyumbani.

Tunapozungumzia kujitolea kwa mataifa, fikra hukimbilia kwa kijana wa Ulaya au Marekani aliyekuja kutusaidia. Wauguzi wale wanatukumbusha historia pana zaidi. Walikuwa watu walioonewa kwao, wakaja kuuguza watu wa taifa changa. Na taifa hilo likawa kimbilio lao na la wenzao. Kila upande ulitoa na kila upande ulipokea. Huo ndio mshikamano.

Mwaka huohuo wa 1961 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps wa Marekani. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 35: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Kazi yao ilikuwa imepangwa na serikali, nayo ilikuwa kupima na kusimamia barabara ambazo wakulima walizihitaji ili kufikisha mazao sokoni. Baadaye wakaja walimu kwa mamia. Lakini vita vya Vietnam viliharibu sura ya Marekani machoni pa wengi, na mwaka 1967 Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea viliibua swali zito: nani amfundishe mtoto wa Tanzania, na amfundishe nini? Kufikia 1969 mpango huo ulikuwa umefungwa, ukarudi 1979. Sidhani kufungwa kule kulikuwa kukosa shukrani. Nyerere alikuwa ameshaikumbusha nchi, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayetoa jembe ni mwenyeji, naye ndiye anayejua shamba linaanzia wapi.

Mfano mwingine uko Temeke, Dar es Salaam. Mwaka 1963 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na mkewe Janet, mzaliwa wa Marekani, walianzisha Taasisi ya Msumbiji, iliyokuwa Kurasini. Vijana waliokimbia utawala wa Wareno walisoma hapo, wakifundishwa na walimu wa mataifa mbalimbali, kwa fedha kutoka Marekani na baadaye Sweden na kwingineko. Nia njema haikuzuia ugomvi. Mwaka 1968 wanafunzi waligoma, na miongoni mwa mambo waliyoyapinga ni kuwepo kwa walimu Wazungu na wajibu wa kwenda vitani. Shule ikafungwa. Februari 3, 1969, Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, akiwa katika nyumba ya ufukweni upande wa Kinondoni, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Miaka sita baadaye Msumbiji ilikuwa huru. Mshikamano wa Kurasini ulikuwa na gharama, na waliobaki ndani yake walikubali kuulipia.

Somo hilo la mshikamano lilikomaa Mazimbu, nje kidogo ya Morogoro. Baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbilia kaskazini. Mwaka 1977 Tanzania ilitoa shamba la zamani la mkonge, na hapo ANC ikajenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Walikuja walimu, mafundi na waganga kutoka Uholanzi, nchi za Skandinavia, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Mafundi na vibarua wa Kitanzania walijenga pamoja nao. Hospitali ya chuo ilibeba jina la mshikamano wa ANC na Uholanzi. Wageni hawa hawakuwa wasimamizi: mitaala na uongozi vilikuwa mikononi mwa wakimbizi wenyewe. Mwaka 1992 majengo yote yalikabidhiwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Aliyetoa ardhi alirudishiwa shule.

Ukombozi ulipokamilika, kujitolea kulibadilika sura. Mawakala wa safari walianza kuuza wiki chache za kufundisha au kulea watoto, na pembezoni mwa Dar es Salaam palikuwa miongoni mwa mahali walipopelekwa vijana hao. Kijana mwenye moyo mwema huja, hucheza na watoto, hupiga picha, huondoka. Mtoto wa kituo cha kulelea huagana na mlezi mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa kudumu huliacha somo lake nusu ili kumpisha mgeni asiyejua Kiswahili. Hapa mwenyeji hakuulizwa kazi ni ipi, na fedha nyingi zimebaki kwa wakala.

Hata hivyo, majanga ya karne hii yamezaa pia njia bora zaidi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliobomolewa mabondeni walipelekwa Mabwepande. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za maeneo ya mafuriko, uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika kata kama Tandale walitembea na viongozi wa mitaa na wakazi, wakiandika mitaro, njia, na mahali maji hufika mvua ikizidi. Huku wao wakitembea, watu wa kujitolea katika nchi za mbali walikaa mbele ya kompyuta zao wakichora mapaa na barabara kutoka picha za setilaiti. Aliye ng'ambo alichora kinachoonekana kutoka juu. Jina la kichochoro na kina cha maji alivijua mkazi.

Machi 2020, korona ilipoenea, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote duniani, zaidi ya 7,000, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Aliyebaki kugonga mlango wa jirani alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, anayejitolea mwaka mzima bila tiketi ya ndege.

Leo kata ya Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, inajengwa kwa kasi, kwenye miteremko ambayo mvua huichimba. Kazi ipo: mitaro, miti, madarasa, zahanati. Serikali za mitaa zikiandika kwanza mahitaji yao, zikataja nani atafanya kazi bega kwa bega na mgeni na nani ataiendeleza akiondoka, wageni wana nafasi kubwa ya kufaa. Na vijana wetu nao waende kwa wenzao wakati wa janga, kama walivyotujia wauguzi 20 tulipokuwa na uhitaji. Tukibaki wapokeaji tu, tutakuwa tumeusahau upande mmoja wa historia yetu wenyewe.