Tofauti Yatoka Wapi?

Je, tofauti za mwanamume na mwanamke hutokana na maumbile au malezi? Mwaka 1949 mwanafalsafa Mfaransa Simone de Beauvoir aliandika kwamba mwanamke hufanywa hivyo na jamii. Kabla yake, Edith Stein, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, alilitafakari swali hilo kwa njia nyingine. Alipata udaktari wa falsafa mwaka 1916, lakini mwaka 1919 alinyimwa nafasi ya kufundisha chuo kikuu kwa sababu ni mwanamke. Alibatizwa mwaka 1922. Katika mihadhara yake ya miaka ya 1930 alishikilia kwamba mwanamke ana umbile lake la pekee. Hata hivyo, hakuna taaluma asiyoiweza. Tofauti ni karama, si sababu ya kumfungia mtu mlango. Aliuawa Auschwitz mwaka 1942, na mwaka 1998 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu: Teresa Benedikta wa Msalaba.

Basi, ndugu wazazi, tunapomwambia binti “hili huliwezi”, tunataja alivyoumbwa na Mungu, au tulivyomzuia sisi?