Daftari la Mwalimu wa Maringo

Baba alifundisha Eastlands, mashariki mwa Nairobi, miaka 33. Alipofariki mwaka 2019 vitu vyake havikutuchukua hata saa moja kuvipanga: suti mbili, saa ya mkononi, sanduku la bati alilotoka nalo chuoni, na daftari moja nene lenye jalada jeusi. Ukurasa wa kwanza una namba yake ya TSC, imepigiwa mstari mara mbili. Namba hiyo aliiandika kila mahali, hata chini ya sanduku. Haya ninayoyasimulia mengi yametoka katika daftari hilo.

Alikuwa mtoto wa magharibi mwa Kenya, amesomea ualimu Siriba, kule Maseno. Tume ya Kuajiri Walimu, ndiyo hiyo TSC, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kabla ya hapo mwajiri wa mwalimu aliweza kuwa misheni au baraza la mahali alipo, na hali ya huyu haikuwa ya yule. Baba aliingia kazini Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 22, akashuka kwenye kituo cha mabasi ya mashambani kinachoitwa Machakos Airport, sanduku begani. Alijiona ameajiriwa na nchi. Nadhani ndiyo sababu ya ile mistari miwili.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imeshampoteza mwalimu mkubwa. Carey Francis, mwanahesabu wa Cambridge, aliongoza shule ya Maseno tangu 1928, kisha Alliance tangu 1940 hadi 1962. Baada ya kustaafu alikwenda Pumwani, akafundisha katika sekondari ya pale akiwa mwalimu wa kawaida hadi alipofariki Julai 1966. Watu humkumbuka kwa Alliance, kwa kuwa huko walipita mawaziri. Baba alimkumbuka kwa ile miaka minne ya Pumwani. Alisema mtu aliyewahi kuongoza shule kubwa kuliko zote akakubali kuwa mwalimu wa darasa Pumwani, huyo ndiye mwalimu. Mimi nakubaliana naye. Ila Carey Francis hakuoa, na nyumba yake yote ilikuwa shule. Baba alikuwa na mke, watoto wanne, na vyumba viwili vya kupanga kwa baraza la jiji, Maringo.

Vyumba hivyo viwili nitavieleza, maana ndimo alimofanyia kazi yake kubwa. Pazia liligawanya chumba cha mbele. Upande mmoja kitanda cha wavulana, upande wa pili meza, na juu ya meza daftari za darasa zima zimepangwa kwa urefu. Mama alishona sweta za shule kwa cherehani iliyokaa mlangoni ili apate mwanga. Saa kumi na moja jioni watoto wa majirani walianza kuingia bila kubisha hodi, wakaketi sakafuni. Hawakulipa. Mama mmoja alileta sukuma wiki, mwingine makaa kwenye debe, na aliyekosa hakuleta kitu wala hakuulizwa. Chakula cha usiku kilipakuliwa wakiwapo, kwa hiyo tulizoea kula ugali uliogawanywa na watu ambao hawakuwa wa ukoo wetu. Nilipokuwa na miaka minane nililalamika. Baba aliniambia nihesabu vijiko, na kama viliwatosha watu wote basi chakula nacho kilitosha.

Jumamosi asubuhi alitupeleka maktaba ya Kaloleni kwa miguu, na njia ikawa somo la majina ya mitaa. Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa 1953. Mbotela ni Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka mmoja kabla yake, na baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Kariokor ni Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ambao wengi hawakurudi. Shauri Moyo ilijengwa watu wa kijiji cha Pangani walipohamishwa kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1930. Tulipofika Jogoo Road alikuwa amemaliza, nasi tukaulizwa maswali. Jumapili baada ya kanisa alikuwa wetu peke yetu: mpira Camp Toyoyo, njugu za kukaranga, naye amemshika mama mkono mbele za watu. Wanaume wa rika lake hawakufanya hivyo.

Sasa daftari. Baba alichukia Sheng darasani. Lugha hiyo ilikulia katika mitaa hii hii, vinywani mwa watoto waliolala chumba kimoja na wazazi wanaosema Kijaluo, Kikuyu, Kikamba au Kiluhya, wakacheza nje kwa Kiswahili na kufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeandika kwenye insha kwamba buda wake amerudi na chapaa, yaani baba yake amerudi na pesa, alipigiwa duara jekundu na kuandikishwa sentensi upya mara kumi. Lakini jioni Baba alifungua daftari jeusi na kuliandika neno lenyewe, mwaka, darasa, na maana yake. Buda, mathe, karao, doo, dinga. Kando yake aliandika alikodhani limetoka, na alama ya kuuliza pale asipokuwa na hakika. Kuna neno odijo, ambalo ni mwalimu, na mbele yake ameandika tu: mimi.

Nimewahi kumuuliza kwa nini aliyahifadhi maneno aliyoyakataza. Alijibu kuwa mtoto lazima aijue lugha ya mtihani, la sivyo atafungiwa mlango, ila mwalimu naye lazima aijue lugha anayoota nayo mtoto.

Mageuzi ya serikali yamo pia, kwa mstari mmoja mmoja. 1974, ada yaondolewa darasa la kwanza hadi la nne, madawati hayatoshi. 1979, maziwa ya Nyayo kwa wanafunzi. 1985 aliipa kurasa tatu, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 ulileta darasa la nane na masomo ya mikono kabla vifaa havijafika, na wazazi wa Eastlands wakachangishwa harambee ya karakana. Baba alijifunza useremala akiwa karibu na miaka 40 ili awe hatua moja mbele ya wanafunzi wake. Kiti alichokitengeneza ninacho, nacho bado kinayumba.

Oktoba 1997 walimu waligoma nchi nzima. Chama chao, KNUT, kiliongozwa na Ambrose Adeya Adongo, na serikali ikakubali kupandisha mishahara na marupurupu kwa awamu. Nakumbuka usiku ule nyumbani: Baba alikokotoa malipo mapya kwenye karatasi, akaikunja, akamkabidhi mama kama zawadi. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizobaki zikakwama. Alipostaafu 2001 akiwa na miaka 55, umri wa kustaafu wa wakati ule, pensheni yake ilihesabiwa kwa mshahara wa zamani. Hakuwa peke yake. Walimu zaidi ya 50,000 waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walipatwa na jambo hilo hilo. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru iliamua kwamba wana haki. Wakaanza kungoja.

Wenzake wengi walirudi mashambani. Yeye alibaki Maringo, akisema hawezi kuwaacha watoto wa jioni, ambao sasa walikuwa watoto wa wale wa kwanza. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003 na madarasa yakafurika, sakafu yetu ilijaa kuliko wakati wowote. Mama alihamishia cherehani chumba cha ndani.

Kurasa za mwisho za daftari hazina maneno ya Sheng. Zina orodha ya walimu wastaafu 14 wa mitaa ya karibu, naye akiwamo, kila mmoja na namba yake ya TSC, na safu mbili zilizopigwa kwa rula. Safu ya kwanza ni ya tiki kwa atakayelipwa. Ya pili ni ya tarehe ya mazishi. Ya kwanza ni tupu. Ya pili ina tarehe tisa kwa mwandiko wake, na ya kumi, iliyo mbele ya jina lake mwenyewe, niliiandika mimi kwa kalamu yake nyekundu, mama akinishikia taa.

Wastaafu hao hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwenyekiti wao ni mzee aliyefundisha hesabu, na huanza kwa kuita majina kama wafanyavyo darasani, majina yote 14, hajafuta hata moja. Ninakwenda na daftari, naketi mahali alipokuwa akiketi. Jina la Baba likiitwa nasimama na kusema, mrithi wake yupo. Mwenyekiti huinua macho, huweka alama, na kuita linalofuata.