Sauti Isiyo na Uso: Filamu ya Hali Halisi ya Mwanafunzi, Łódź 1966

Filamu za hali halisi zinazotengenezwa na wanafunzi hupimwa mara nyingi kwa kigezo kisichozifaa. Huulizwa zimezikaribia kazi za mabingwa kwa kiasi gani, na kwa kuwa mwanafunzi hana fedha, muda wala mitambo ya bingwa, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla filamu haijatazamwa. Swali lenye manufaa zaidi ni jinsi uhaba huo ulivyotumiwa: je, umegeuzwa kuwa fani, au umefunikwa kwa maneno ya msimulizi? Urząd, yaani Ofisi, filamu ambayo Krzysztof Kieślowski aliitengeneza mwaka 1966 akiwa mwanafunzi katika Shule ya Filamu ya Łódź nchini Poland, inalijibu swali hili kwa ubora wake na kwa kasoro yake vilevile.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1948, na mwaka uliofuata uhalisia wa kijamaa ulitangazwa kuwa mwongozo rasmi wa sanaa nchini humo. Katika filamu za hali halisi za kipindi hicho msimulizi ndiye aliyetawala. Picha zilimfuata kama mashahidi waliokwisha kufundishwa la kusema. Siasa zilipolegea katikati ya miaka ya hamsini kulizuka mkondo ulioitwa mfululizo mweusi, ambao ulionyesha uhuni wa vijana, ulevi na uhaba wa makazi. Maudhui yalibadilika sana, fani ilibadilika kidogo tu. Msimulizi aliyekuwa akisifu sasa alilaumu, lakini mtazamaji bado alikuwa akiambiwa afikiri nini. (Msomaji wa riwaya za kiitikadi, za mrengo wowote ule, anamfahamu vyema msimulizi wa aina hii.)

Kazimierz Karabasz alishiriki katika mkondo huo kabla ya kuuacha. Katika Muzykanci, filamu yake ya mwaka 1960 yenye urefu wa dakika kumi hivi, wafanyakazi wa tramu wanakusanyika baada ya kazi kufanya mazoezi ya bendi yao ya tarumbeta. Hakuna msimulizi. Kelele za karakana zinapisha muziki, na mikono iliyozoea chuma inashika ala. Karabasz ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kieślowski huko Łódź, na bila ya hatua hiyo ya mwalimu ni vigumu kuielewa kazi ya mwanafunzi.

Urząd haifiki hata dakika saba. Mahali ni pamoja tu: ofisi ya bima ya jamii ambamo watu, wengi wao wazee, wanafuatilia pensheni na malipo mengine. Wanangoja, wanainama mbele ya kidirisha, wanaulizwa stakabadhi, wanaambiwa kuna karatasi nyingine inayotakiwa. Sauti haikuambatanishwa na midomo ya wasemaji. Maneno yanaelea juu ya nyuso na mikono. Mwanafunzi wa kawaida angeuona mwachano huu wa sauti na picha kuwa upungufu na kuuziba kwa maelezo ya jumla juu ya urasimu. Kieślowski aliuacha kama ulivyo, ukawa ndio maana yenyewe ya filamu: ofisi inasema, lakini haina uso. Mwishoni kamera inazitazama rafu zilizosheheni mafaili huku sauti ya karani ikirudia agizo lile lile, kwamba mwombaji aandike amefanya nini katika maisha yake yote. Hapa takriri inazaa kinaya. Swali la fomu limegeuka kuwa swali ambalo hakuna fomu inayoweza kulibeba, na rafu zinaonyesha yalikoishia majibu. Hakuna aliyetamka kwamba urasimu ni mbaya, na laiti angetamka, tashtiti hii ingekufa papo hapo.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1968 kuhusu filamu ya hali halisi na uhalisi wenyewe, Kieślowski alitetea wazo kwamba maisha yana dramaturgia yake, nayo haihitaji kubuniwa na mtunzi. Filamu yake ya kuhitimu, Z miasta Łodzi ya mwaka 1969, inalijaribu wazo hilo katika uwanja mpana zaidi, mji mzima wa viwanda vya nguo pamoja na wafanyakazi wake. Ina huruma ambayo Urząd haina. Hata hivyo umbo lake limelegea: matukio yanafuatana kwa ujirani zaidi kuliko kwa ulazima, na ingewezekana kuondoa moja bila jingine kutikisika.

Huruma hiyo inaelekeza kwenye kasoro ya Urząd. Tashtiti huhitaji mhusika bapa, naye karani amefanywa bapa kabisa. Katika hadithi ya kubuni jambo hili halimdhuru mtu. Katika filamu ya hali halisi karani ni mtu anayerudi nyumbani jioni, na ambaye kanuni anazozitekeleza hakuzitunga yeye. Mfumo umepigwa kupitia mgongo wake, na filamu haituachii hata nukta moja ya kumwona akichoka. Ufanisi wa kifani umenunuliwa kwa gharama ambayo wahakiki wengi wa filamu hii hawaitaji.

Kieślowski mwenyewe aliigusa gharama hiyo baadaye. Mwaka 1977 alitengeneza filamu juu ya bawabu wa zamu ya usiku aliyependa amri na adhabu, mtu aliyejieleza mbele ya kamera kwa hiari na bila kushuku lolote. Filamu ilifanikiwa, kisha mtengenezaji wake akapinga isionyeshwe katika televisheni, kwa kuhofia madhara ambayo yangempata bawabu huyo.