Dola kubwa huingia kwa mlango wa usuluhishi: somo la Unguja

Naandika kutoka Barking, mashariki ya London. Huku ughaibuni wakikutana Waswahili watatu wanne, iwe kwa kinyozi au msibani, mjadala hauchelewi kuanza: je, Marekani bado ndiye mkubwa wa dunia, au China keshamfikia? Kila mtu anahesabu manowari, ndege na dola za benki. Leo nataka tuligeuze swali, tuliangalie kwa upande wa yule mdogo. Hivi mkubwa anaupataje ukubwa wake juu yako? Na akishaupata anaushikaje? Mfano hatuhitaji kuutafuta mbali, upo Zanzibar.

Wengi tunasahau kwamba Zanzibar yenyewe ilikuwa dola. Seyyid Said bin Sultan alihamisha makao yake kutoka Muscat kuja Unguja, akapandisha karafuu, na misafara ya wafanyabiashara wake ikafika Ziwa Tanganyika na mpaka Kongo. Alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1840 merikebu yake Sultanah ikatia nanga New York. Kubwa zaidi, mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza manowari ya mizinga 74, iliyojengwa Bombay. Ilikuwa ikiitwa Liverpool, Waingereza wakaipa jina la Imaum. Yaani Sultani ndiye aliyempa Mwingereza manowari!

Sasa ruka miaka 60. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga jumba la Sultani kwa takriban dakika 38. Watu kama 500 wa upande wa Khalid bin Barghash waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ambayo nayo ilikuwa imejengwa Scotland, ilizamishwa palepale bandarini. Kosa la Khalid ni kukaa kwenye kiti cha marehemu Hamad bin Thuwaini bila idhini ya Mwingereza.

Je, ni mizinga iliyoiangusha Zanzibar? Mimi nasema hapana. Mizinga ilikuja mwisho kabisa, kazi ilikuwa imeshakwisha. Tufuatane taratibu.

Said alifariki mwaka 1856. Wanawe wakagombea urithi: Thuwaini alikuwa Muscat, Majid alikuwa Unguja, na Barghash naye akaleta fitina yake. Mwaka 1859 Thuwaini alianza safari ya kuja kupigana, Waingereza wakamrudisha njiani. Barghash alipoasi mwaka huo huo, wao ndio waliomsaidia Majid kumzima, na Barghash akapelekwa Bombay. Kisha ndugu wakakubali kesi yao iamuliwe na Lord Canning, gavana mkuu wa Kiingereza kule India. Mwaka 1861 akatoa hukumu: dola igawanywe mara mbili, na Zanzibar iwe inailipa Muscat riale 40,000 kila mwaka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku ile hakuna risasi iliyolia. Majid alibaki na kiti, lakini sasa kiti kilikuwa na mdhamini. Anayekuamulia nani arithi nyumba yako hahitaji tena kuivamia.

Baada ya hapo kila hatua ilikuwa nyepesi. Mwaka 1873 konseli John Kirk alimbana Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, kwa kitisho cha kuzingirwa bandari, mpaka akatia saini kufunga soko la watumwa. Kufunga soko lile lilikuwa jambo la haki, wala sitamlilia mtu aliyepoteza biashara ya kuuza binadamu. Lakini tuone pia ustadi wake: dola kubwa hupenda kutumia nguvu pale ambapo ina sababu njema, kwa sababu hapo hakuna wa kuitetea pande ya pili. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulifika Unguja kupitia chini ya bahari kutoka Aden. Konseli hakuhitaji tena kungoja barua kwa majuma. Mwaka 1896 ruhusa ya kutumia nguvu dhidi ya Khalid iliombwa na kujibiwa kwa waya.

Na yule mlinzi alimlinda Sultani? Mwaka 1885 Wajerumani walileta manowari zao mbele ya Unguja kudai bara. Barghash akamtazama rafiki yake Mwingereza, na rafiki akamshauri akubali. Mwaka 1886 mataifa ya Ulaya yakampimia ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda ndani. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza wakafanya biashara yao, kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini kikiwemo, na Zanzibar ikaingia chini ya himaya ya Uingereza.

Sasa tuangalie na upande wa pili, maana mwenye nguvu naye hushuka. Hapa Barking pana historia ya kutosha. Katika kanisa la St Margaret, nahodha James Cook alifunga ndoa mwaka 1762, kabla hajaanza safari zake kubwa za Pasifiki. Katikati ya karne ya 19 mji huu ulikuwa na moja ya makundi makubwa ya meli za uvuvi Uingereza. Reli ilipofika bandari zilizo karibu zaidi na samaki, faida ya Barking kuwa jirani na London ikapungua, na meli zikahamia kule. Hakuna adui aliyewashinda, njia ya biashara ilibadilika tu.

Uingereza yenyewe ilishuka kwa namna inayofanana na hiyo. Ilishinda vita vya 1945 lakini ikatoka na madeni, na mwaka 1946 ikakopa Marekani dola bilioni 3.75. Mwaka 1956, ilipovamia Misri pamoja na Ufaransa na Israel kwa ajili ya Mfereji wa Suez, Marekani haikupeleka manowari kuizuia. Ilikataa kuiokoa pauni, basi. Waingereza wakaondoka. Mkopo ule wa 1946 ulimalizwa kulipwa Desemba 2006, miaka 60 baadaye!

Lakini angalieni alichobaki nacho. Ana kura ya turufu Umoja wa Mataifa, lugha yake ndiyo ya mikataba, na sisi tukipiga simu nyumbani bado tunahesabu saa kutoka Greenwich, maili chache kutoka hapa. Vitu ambavyo wengine wamezoea kuvitumia hudumu kuliko mizinga.

Ndiyo maana tarehe 27 Juni 2025 nilikosa raha. Siku hiyo Kongo na Rwanda, nchi mbili zilizomo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilitia saini mkataba wa amani Washington, na suala la madini likiwa pamoja nalo. Angola ilikuwa imejaribu kusuluhisha, na Nairobi pia, bila mafanikio. Anayekimbia risasi Goma hana nafasi ya kuchagua msuluhishi, na amani yoyote itakayomrudisha shambani kwake naiombea heri. Hata hivyo, aliyesoma habari za 1861 lazima aulize: malipo ya usuluhishi huu yatadaiwa lini, na kwa sarafu gani?

Kwa hiyo tukibishana tena kuhusu Marekani na China, tusihesabu manowari peke yake. China ilifungua kambi yake ya kijeshi Djibouti mwaka 2017, Marekani walishakuwepo pale, na wote wawili tunawaona. Tuulize pia: sisi wenyewe tukigombana, tunakwenda kwa nani? Tunayo mahakama ya Jumuiya pale Arusha, tunao wazee wetu, tunao Umoja wa Afrika. Kama hawa hatuwapi nguvu ya kutuamua, tutakuwa tumemwachia kazi hiyo yeyote atakayekuwa mkubwa wakati huo.

Alamsiki.