Gitaa langu lina pembe ya ndovu

Kwenye kipindi kilichopita nilitaja gitaa langu kwa sekunde kumi hivi, mwenzangu akacheka, tukahamia mada nyingine. Meseji zilizokuja baadaye karibu zote ziliuliza jambo moja: eti kweli una pembe ya ndovu nyumbani? Kweli ninayo. Wacha niieleze vizuri, maana mle ndani mna historia yetu kubwa kuliko nilivyodhani.

Gitaa nililinunua mwaka 2019 hapa London, kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Ni dogo, kiuno chembamba, halina jina la mtengenezaji. Fundi niliyempelekea alikisia ni la Marekani, la miaka ya 1890. Nilimpelekea kwa sababu nyuzi zilikuwa zinakwaruza nikipiga kwa nguvu. Alizilegeza, akachomoa kipande kimoja cheupe, akakiweka chini ya taa na kunipa lenzi. Upande uliokatwa ulikuwa na mistari myembamba inayokatana kama wavu. Mfupa wa ng'ombe hauna mistari hiyo, una vitone vidogo vyeusi. Wavu huo unapatikana kwenye pembe ya ndovu.

Kwa wasiopiga gitaa: kila uzi unategemea sehemu mbili. Juu, pale shingo inapokutana na kichwa, kuna kipande chenye mifuo ya kupitishia nyuzi. Chini kuna daraja, ubao uliogundishwa kwenye tumbo la gitaa, na juu yake kimechomekwa kipande kingine chembamba. Nyuma yake kuna vigingi sita vinavyobana ncha za nyuzi zisitoke. Mtetemo wa uzi unapita kwenye kile kipande cha darajani, unaingia kwenye ubao, na ubao ndio unaosukuma hewa tunayoisikia kama muziki. Kipande cha shingoni kina kazi zaidi pale unapopiga uzi bila kuubana. Ukishaubana kwa kidole, ule mstari wa chuma wa shingoni ndio unaochukua nafasi yake.

Sasa, wapiga gitaa wanaweza kubishana kuhusu vipande hivi mpaka alfajiri. Plastiki laini inameza zile sauti nyembamba za juu, hilo hata mimi nalisikia. Mfupa ni mgumu, unazipitisha. Vigingi vya shaba ni vizito, vinaongeza uzito kwenye daraja na kubadilisha kidogo namna ubao unavyocheza. Na kama kipande hakijakaa sawasawa kwenye mfuo wake, hata ukitengeneze kwa almasi hakitasaidia. Ila pembe ya ndovu ina sifa kama ya dawa ya mganga: inaimba, ina joto, haina mfano.

Tuliipima. Kipande changu cha darajani kilikuwa kimelika na kuwa kifupi, ndiyo maana nyuzi zilikuwa zinakwaruza, kwa hiyo fundi alikuwa lazima aweke kingine. Nilijirekodi kabla na baada: pembe, halafu mfupa wa ng'ombe, nyuzi za aina ileile, wimbo uleule. Nikamsikilizisha mwenzangu mara kumi bila kumwambia kipi ni kipi. Alipatia mara tano. Yaani angerusha sarafu angepata hivyohivyo.

Kwa nini basi pembe? Ng'ombe walikuwepo Marekani tangu zamani, na mifupa yao ilikuwa rahisi. Jibu linaonekana ukitazama magitaa ya kampuni ya Martin, ambayo ndiyo iliyoweka mtindo kwa mafundi wengi wa kule. Magitaa yake ya bei kubwa katika karne ya 19 yalikuwa na daraja zima lililochongwa kwa pembe, na desturi hiyo ilidumu mpaka karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Yale ya bei ndogo yalikuwa na daraja la mti. Pembe ilikuwa inamwambia mgeni aliyeketi sebuleni kwamba nyumba hii ina pesa.

C. F. Martin, fundi kutoka Ujerumani, alianza biashara yake New York mwaka 1833. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Muscat. Najua mambo haya mawili yamegongana tarehe tu, lakini niliyaandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari nikabaki nayatazama. Kufikia 1837 Wamarekani walikuwa na balozi mdogo Zanzibar, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1840 meli ya Sayyid Said, Sultana, ilitia nanga New York ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, na kati ya shehena yake mlikuwa na pembe.

Wateja wakubwa wa pembe kule hawakuwa watengeneza magitaa, hao walichukua makombo. Walikuwa watengeneza vitana, na baadaye vibao vya piano. Katika jimbo la Connecticut kuna mji wa Deep River na jirani yake Ivoryton, ambao hata jina lake limetokana na pembe. Huko pembe zilikatwa kuwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye vibao vya piano, halafu vikaanikwa wiki kadhaa kwenye mabanda ya vioo ili jua livifanye vyeupe. Walipenda pembe za Zanzibar kwa sababu walizihesabu kuwa laini, zisizopasuka ovyo, tofauti na zile ngumu za misitu ya magharibi. Ernst Moore, aliyekuwa mnunuzi wa pembe Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, alirudi Connecticut na mwaka 1931 akatoa kitabu alichokiita Ivory: Scourge of Africa. Alijua alichokuwa amekinunua.

Na malipo? Meli za Salem zilikuja na kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts. Ndiyo, merikani! Lile neno bibi yako analitumia kwa kitambaa kigumu kisicho na rangi ni jina la nchi ya Marekani, limebaki mdomoni mwetu tangu biashara hiyo. Na pamba yake, kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa imelimwa na watumwa Waafrika kusini mwa Marekani. Nililifahamu hili nikiwa na miaka 33, na shahada yangu ni ya historia.

Nilipompigia mama kumwambia kuhusu gitaa, nilitegemea atashtuka. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Babu yangu alizibeba hizo."

Mama ni mtu wa Tabora. Nilijua babu yake alikuwa mpagazi, lakini neno hilo nilikuwa nimeliweka kwenye kabati moja na utumwa, kama tulivyofundishwa shuleni hapa: Waafrika wenye minyororo, pembe mabegani, Bagamoyo, basi. Nikamwambia pole. Akakasirika kweli.

"Pole ya nini, mwanangu? Babu hakuwa mtumwa wa mtu. Alikuwa Mnyamwezi, alikwenda pwani kwa mshahara, akarudi na nguo, akaoa. Alikuwa na sugu begani, sisi watoto tukiigusa, anacheka."

Nikarudi vitabuni, na mama yuko sawa kwa sehemu kubwa. Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo kati ya bara na pwani walikuwa watu huru, walipatana ujira, na waliweza kuuacha msafara wasipolipwa. Kusafiri hadi pwani kulikuwa sifa kwa kijana. Lakini mama hayuko sawa kwa yote, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Misafara mingine ilibebesha watumwa. Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alipata pembe nyingi za Kongo kwa bunduki. Faida ya pembe na faida ya watumwa zilikaa kwenye mifuko ileile ya Zanzibar. Mama akasema, "Hayo ni ya matajiri. Mimi nakwambia ya babu." Tukaliacha hapo, ingawa mimi bado silimezi vizuri.

Kuhusu ndovu wenyewe mnajua mengi. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe mbele ya Rais Moi, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoomba biashara hiyo ipigwe marufuku duniani. Ikapigwa. Hata hivyo kati ya 2009 na 2014 idadi ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000. Uingereza ilipitisha sheria yake ya pembe mwaka 2018, ikaanza kutumika 2022. Kuwa na gitaa kama langu, kulipiga, kumrithisha mtoto, si kosa. Kuliuza ndiyo kuna masharti: liwe limetengenezwa kabla ya 1975, pembe iwe chini ya asilimia 20, na ulisajili kwanza. Kuvuka nalo mipaka ni makaratasi mengine tena.

Fundi aliniuliza kama akitoe na kile cha shingoni, aweke mfupa, ili nisisumbuke nikitaka kuliuza siku moja. Kuna mwenzetu kwenye kipindi aliyeniambia nikitoe na nikichome, kama Kenya. Namwelewa, na kabla ya kuongea na mama pengine ningefanya hivyo. Nilimwambia fundi akiache.

Kile cha darajani alinirudishia kwenye bahasha ndogo. Mama alipokuja wikendi alikitaka akione. Alikigeuza, akakinusa, halafu akakiweka kwenye mizani yangu ya kupimia unga. Gramu tatu. Frasila moja, kipimo walichopimia pembe pwani, ni kama kilo 16, na mpagazi aliweza kubeba mzigo wa karibu frasila mbili kwa miezi mitatu. Mama alipiga hesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Kisha akaniuliza kama anaweza kukaa nacho.

Sasa kiko kwake Leicester, kwenye kopo lake la vifungo.