Kuchonga, Kuchomelea na Kumimina: Sanamu za Kisasa za Uingereza na Suala la Utunzaji

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, mtengenezaji wa sanamu huitwa mchongaji, hata kama mali ghafi yake ni udongo au chuma. Mazoea hayo yanaeleweka mahali ambapo tezo na patasi ndizo zana kuu za fani. Hata hivyo, neno hilo moja halitoshi kueleza yaliyotokea Uingereza katika karne ya 20, ambapo wasanii walihama kutoka kufinyanga hadi kuchonga, kisha kuchomelea, na hatimaye kumimina zege. Makala haya yanafuatilia mabadiliko hayo na kudai kwamba historia ya maumbo peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni historia ya umiliki, kwa kuwa hatima ya kazi nyingi iliamuliwa na waliozitunza kuliko waliozitengeneza.

2.0 Kutoka Udongo hadi Jiwe

Mwishoni mwa karne ya 19, msanii wa Uingereza kwa kawaida alifinyanga kielelezo cha udongo, kisha mafundi wengine wakakisubu kwa shaba nyeusi au kukinakili katika marumaru. Kuanzia miaka ya 1910 hivi, Eric Gill, Jacob Epstein na Henri Gaudier-Brzeska waliupinga utaratibu huo. Waliona kwamba msanii anapaswa kulikabili jiwe kwa mkono wake mwenyewe, na umbo litokane na asili ya jiwe hilo. Gaudier-Brzeska aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915, lakini wazo lilidumu.

Waliolikuza zaidi ni Henry Moore, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Castleford, na Barbara Hepworth wa Wakefield. Baada ya kufika London mwaka 1921, Moore alijifunza mengi katika Makumbusho ya Uingereza, hasa mbele ya sanamu za Afrika na Mexico. Sanamu yake ya mwaka 1929, Reclining Figure, inadhihirisha athari ya Chacmool, sanamu ya kale ya Mexico. Hepworth, kwa upande wake, alitoboa jiwe mwanzoni mwa miaka ya 1930, na tundu likawa sehemu ya umbo. Ikumbukwe kwamba makumbusho hayo yalihifadhi pia shaba za Benin zilizotwaliwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897. Usasa huo, basi, haukuchipuka katika ardhi ya Uingereza peke yake. Ulinufaika na hazina zilizokusanywa chini ya kivuli cha dola ya kikoloni.

3.0 Kutoka Jiwe hadi Chuma na Zege

Anthony Caro, aliyewahi kuwa msaidizi wa Moore, aliachana na jiwe na shaba mwaka 1960. Alichukua vyuma vya viwandani, akaviunganisha kwa kuchomelea na bolti, kisha akavipaka rangi. Kazi yake ya mwaka 1962, Early One Morning, imetandazwa sakafuni bila kiweko, na mtazamaji hulazimika kuizunguka. Miongo mitatu baadaye, Rachel Whiteread alimimina zege ndani ya nyumba nzima mashariki mwa London, kisha kuta zikabomolewa. Kilichosalia, kilichoitwa House (1993), kilikuwa umbo la nafasi ambamo watu waliishi.

4.0 Mkono wa Mtunzaji

Mwaka 1908 Epstein alikamilisha sanamu 18 za watu walio uchi kwa ajili ya jengo la Chama cha Madaktari cha Uingereza katika barabara ya Strand, London. Palizuka kelele za kimaadili, lakini sanamu zilibaki. Katika miaka ya 1930 jengo lilichukuliwa na serikali ya kikoloni ya Rhodesia Kusini. Mwaka 1937, kwa hoja ya usalama wa wapita njia, nyuso na viungo vilivyochomoza vilikatwa. Leo jengo hilo ni ubalozi wa Zimbabwe, na viwiliwili vilivyokatwakatwa vingali ukutani.

Kisa cha pili kinahusu Draped Seated Woman ya Moore. Baraza la Kaunti ya London liliinunua mwaka 1962 ili wakazi wa nyumba za umma za Stifford, huko Stepney, waishi karibu na sanaa bora. Majengo hayo yalipobomolewa katika miaka ya 1990, sanamu ilihamishiwa Yorkshire. Mwaka 2012 halmashauri ya Tower Hamlets, ikikabiliwa na uhaba wa fedha, iliamua kuiuza. Palitokea upinzani mkubwa, na mmiliki halali alithibitishwa na mahakama mwaka 2015 tu. Sanamu ilirudi mashariki mwa London mwaka 2017.

House haikupata muda huo. Ilisimama katika eneo la halmashauri hiyohiyo, na ingawa Whiteread alitunukiwa Tuzo ya Turner mwaka 1993, kazi yenyewe ilibomolewa Januari 1994.

5.0 Hitimisho

Visa hivi vitatu vinaonesha kwamba wala sifa ya msanii wala ubora wa kazi haukutosha kuwa kinga. Kilichopungua ni masharti yaliyoandikwa tangu mwanzo: nani anamiliki, nani anatunza, na nini kifanyike jengo au mamlaka inapobadilika. Kwa nchi zinazoandaa sera za urithi kwa Kiswahili, funzo lina pande mbili. Sera inayotaja vitu vya kuchongwa tu itaacha nje vilivyochomelewa na vilivyomiminwa. Na sera inayotaja kazi bila kumtaja mtunzaji itakuwa imelinda jina la kazi hiyo tu.