Moshi wa jikoni na macho mekundu ya bibi

Nimerudi juzi kutoka Simbo, Kigoma, nilikokwenda kumsalimia bibi. Siku ya pili nikajifanya mjukuu mwema, nikaingia jikoni nimkaangie dagaa. Sikumaliza dakika kumi. Kuni mbichi, mawese yameungua, na jiko lenyewe ni kachumba kenye bati juu na kidirisha kimoja kilichozibwa kwa gunia. Nikatoka mbio machozi yananitiririka, bibi anacheka: "Mume wangu, huko chuo hawakuwafundisha moshi?"

Lakini macho yake mwenyewe ni mekundu, tena tangu nipate akili.

Wekundu huo una historia mbaya nchini kwetu. Kati ya 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali, zaidi ya watu 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ni Usukumani, yaani Mwanza na Shinyanga. Kikongwe mwenye macho mekundu alihesabiwa mchawi, ushahidi ukaishia hapo. Nani aliuliza amekaa mbele ya mafiga miaka mingapi? Miti ya kule ilifyekwa kupisha pamba na kufukuza mbung'o, kina mama wakabaki kupikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake mnaujua.

Shangazi yangu ameolewa Shinyanga. Bibi hajawahi kwenda kumtembelea hata mara moja. Miaka yote nilidhani anaogopa uchovu wa treni.

Anasema jiko la mama yake lilikuwa la nyasi, limejitenga na nyumba. Moshi ulipenya kwenye nyasi ukatoka wenyewe, na njiani ulifanya kazi: ulikausha mahindi na kufukuza wadudu. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja. Nyumba zikasogeleana, kuni zikasogea mbali, na baadaye yakaja mabati. Bati halipumui. Moshi ukigonga juu unarudi usoni.

Na mafuta nayo! Yakiungua hutoa akrolini, gesi ambayo Wafaransa waliitumia kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Sisi tunakaangia dagaa.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Bibi mtungi wa gesi anao. Uko sebuleni, umefunikwa kitambaa, unasubiri wageni.

Basi tukafanya tulichoweza. Fundi alitoboa tundu la pili juu ya ukuta, mkabala na dirisha, ili hewa ipite. Kuni nikazipasua vipande vyembamba na kuzianika. Mawese sasa anayaepua kabla hayajafuka moshi. Jioni ile nilikaa jikoni mpaka ugali ukaiva.

Gunia la dirishani tu ndilo tuligombania. Anasema majirani watachungulia.